Barua Niliyoichelewesha

Mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza hawakufika hata 20, nao wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani.

Tangu mwanzo tulibishana: elimu ile ni mali ya nani? Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao kwa mamia. Na baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana hakwenda chuoni moja kwa moja kutoka shuleni. Alifanya kazi kwanza, akapendekezwa na waliomwona akiifanya.

Hapo ndipo nami naingia. Mwaka 1979 nilikuwa nakaimu ukuu wa chuo kimoja cha ualimu. Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imepamba moto, walimu hawatoshi. Mkufunzi wangu pekee wa hisabati akaniletea fomu za kwenda Mlimani. Nikaziweka mtotoni mwa meza. Nilijiambia kwamba taifa linamhitaji hapa. Kweli ni kwamba mimi ndiye niliyemhitaji. Siku ya mwisho ikapita.

Alipokuja kuuliza hakunifokea. Alisema: "Mkuu, kijijini kwetu mimi ndiye wa kwanza kumaliza kidato cha sita. Nisipokwenda, wadogo zangu wataamini njia ile haipitiki."

Nilikosa la kusema. Mwaka uliofuata nilitia sahihi siku ileile, naye akaenda. Lakini mwaka wa mtu haurudishwi.

Siku hizi nasikia wazee wenzangu wakilalamika kwamba vijana wanatafuta cheti tu, na kwamba mazungumzo yao ni mkopo na ajira. Mimi siwalaumu. Anayetoka nyumba isiyo na msomi habebi tumbo lake peke yake. Nyuma yake wako wadogo wanaotazama kama njia inapitika. Mwalimu alisema kweli kuhusu deni la msomi kwa kijiji. Nilichochelewa kujifunza ni kwamba sisi tulioshika funguo nasi tunadaiwa: kumfungulia mlango kwa wakati.