Kuanza jimu ukiwa na miaka 40 na zaidi: mambo ya kujua kwa wakaaji wa Kakanda na Likasi

Katika senta za migodi sawa Kakanda, baba wa miaka 45 akisema anataka kuingia jimu, jibu la kwanza anapata kwa jirani ni cheko. Jibu la pili ni swali: "Uko mgonjwa?"

Swali hilo halitoki bure. Kwa miaka mingi, huku kwetu tumbo kubwa limehesabiwa kuwa alama ya mtu mwenye mshahara, na mtu akikonda, watu wanaanza kusema yao: ni sukari, ni SIDA, ni bibi hamupikii. Ndiyo maana wengi wanajificha. Wanafanya futingi saa kumi na moja asubuhi, giza ingali, ama wanaacha kabisa kisha wiki mbili sababu maneno ya watu yamewachosha kupita michezo yenyewe. Mama naye ana mzigo wake zaidi: akivaa suruali ya michezo barabarani, ni habari ya kata nzima.

Lakini tansio na diabeti hazingoji maneno ya watu yaishe. Na mtu mwenye miaka 40, 50, ambaye hajakimbia tangu masomo ya sekondari, anaweza kuanza. Kitu kimoja tu kinamuharibia wengi: haraka. Anaanza sawa kijana wa miaka 20, kwa mzigo wa kijana wa miaka 20, na mwili wa miaka 45.

Kazi nzito na michezo ni vitu viwili

Wamoja wanajibu: "Sisi tunafanya kazi ya mikono, jimu ni ya watu wa biro." Neno hilo lina ukweli nusu. Mchimbaji anayebeba mifuko ya mawe siku nzima ana nguvu, hapana shaka. Lakini anainama upande mmoja, anabeba bega moja, hapumziki, na mara nyingi hakuli vya kutosha. Kazi inamulia mgongo na magoti. Haipangwe kwa kumujenga. Michezo inapangwa: mzigo unapimwa, kupumzika ni sehemu ya kazi, na uzito unapanda kidogo kidogo.

Tena, si kila mtu wa mugodi anabeba mawe. Shofere wa kamyo, mulinzi wa usiku kwenye mlango, mwendesha mashini, karani, mwalimu, mama anayeuza sokoni kutoka asubuhi mpaka jioni: hao wote wanakaa. Mwili unaokaa unapoteza nyama za misuli kidogo kidogo kuanzia miaka 30 hadi 40, na fasi yake mafuta yanaingia, zaidi kwenye tumbo.

Zamani kampuni ndiyo ilibeba sehemu ya jambo hili. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na kisha Gécamines iliyoichukulia nafasi yake kisha serikali kutaifisha migodi mwaka 1967, zilikuwa na viwanja vya mupira, klabu za wafanyakazi, lopitali na shule. Mambo hayo yalipungua pamoja na kampuni yenyewe, ambayo ilianguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule uliitwa "départ volontaire". Watoto wa wale wazee, wengi leo ndio wako na miaka 40. Baba yao alikuwa na klabu ya kampuni. Wao jimu wanajilipia, na munganga wanajilipia.

Mbele ya yote: tansio

Kupanda kwa damu hakuumi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka kumi bila kujua, halafu siku anainua chuma kwa nguvu zote, pumzi imefungwa, tansio inaruka juu sana kwa dakika ile. Ndiyo hatari ya kweli ya mwanzo, kuliko kuumwa misuli.

Kwa hiyo mbele ya siku ya kwanza, mtu apite kwenye sante ama lopitali apimwe. Hesabu wanganga wanayosema huku ni "14 kwa 9", ni kusema 140 kwa 90 kwenye mashini. Kuanzia hapo, ikiwa imepimwa zaidi ya mara moja na mtu amekaa ametulia, ni tansio ya juu. Hiyo haikatazi michezo. Kinyume, kutembea na mazoezi ya kiasi yanasaidia kuishusha. Lakini munganga ajue, na dawa zisiachwe. Ikifika 18 kwa 11, jimu ingoje. Matibabu kwanza.

Mwenye diabeti aulize pia, zaidi kama anapiga ensulini ama anakunywa vidonge vya kushusha sukari. Mazoezi yanashusha sukari ya damu, na mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuanguka. Atembee na pipi ama sukari mfukoni. Mwenye SS, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mimba, na yule aliyepasuliwa karibuni, wasianze bila neno la munganga.

Kitu kingine cha kupima hakina bei: kiuno. Chukua mita ya mshonaji, uipitishe sawa na kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Kipimo kinachotumiwa ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kupita hapo, hatari ya sukari na ya moyo inapanda. Tarehe na hesabu viandikwe kwenye kaye. Kiuno kinasema ukweli kupita kilo, sababu mtu anaweza kupata misuli, apunguze mafuta, na bado kilo zisibadilike.

Bidoni ni jimu ya kwanza

Shirika la Afya Duniani (OMS), katika maelekezo yake ya mwaka 2020, linaomba mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kiasi, na mazoezi ya nguvu siku mbili ao zaidi. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Na zamani walisema dakika chini ya kumi hazihesabiwe. Leo wameondoa neno hilo. Kutembea dakika saba mpaka sokoni ni kitu. Kipimo cha mwendo wa kiasi ni sauti: mtu anaweza kuzungumuza na mwenzake, lakini hawezi kuimba.

Kwa yule hajafanya kitu miaka 20, mwezi wa kwanza ni kutembea tu. Dakika kumi, kisha kumi na tano. Kukimbia kungoje, zaidi kwa mtu mwenye kilo nyingi, sababu kila hatua ya kukimbia inaangukia magoti.

Nguvu nayo haiombe mashini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kila nyumba ya Kakanda ina bidoni, basi kila nyumba ina vyuma. Bidoni mbili za lita tano, moja kila mkono, kutembea nazo hatua 30 na kurudi: hiyo inafanyisha kazi mikono, mabega, tumbo na miguu pamoja. Wiki inayofuata, mtu anaongeza maji kidogo. Bidoni isiyojaa inatikisika na kuvuta mkono, ni vizuri kujua. Wengine wanatia mchanga, lakini waangalie, lita ya mchanga inakaribia kilo moja na nusu.

Pamoja na hiyo, kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, na kisha wiki kadhaa kusukuma meza, kisha chini. Kuinua bidoni kutoka chini kwa kupinda magoti, mgongo umenyooka. Kila zoezi mara 8 mpaka 12, kupumzika, kurudia mara moja ama mbili. Mtu aache wakati anahisi angeweza bado kufanya mbili ama tatu. Hapo ndipo wanaume wengi wanakosea, wanataka kumaliza mpaka mikono itetemeke. Na pumzi: kutoa hewa wakati wa kuinua, isifungwe hata mara moja.

Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa kuanza. Kwa mfano siku ya pili na siku ya tano, na siku ya posho kutembea muda mrefu pamoja na jamaa.

Kuingia jimu yenyewe

Jimu nyingi za mitaa katika miji ya Kongo zimejengwa na vijana wenyewe: fimbo ya chuma na magurudumu ya meno ya kamyo la zamani, makopo yaliyojazwa beto, benchi ya mbao iliyopigwa misumari. Hakuna haya katika hiyo. Lakini vyuma hivyo havina kilo zilizoandikwa, na mara nyingi upande mmoja ni mzito kupita mwingine. Mgeni aombe kuanza na fimbo tupu, na aangalie benchi kama inashikilia mbele ya kulala chini yake.

Kwa mtu wa miaka 50, kochi wa kufaa ni yule anayeuliza maswali: umri, tansio, ajali za zamani, mgongo. Kama siku ya kwanza anapakia tu vyuma na kupiga makelele, afazali kurudi nyumbani kwa bidoni. Vijana watakuwa pale, watainua mara tatu ya kile mzee anainua, na wamoja watacheka. Kwa kawaida hiyo inadumu wiki mbili, kisha wanaanza kumuita papa na kumuachia benchi.

Kwa mamama, njia inayokubalika zaidi ni kikundi: watano, sita, wanapatana saa moja, wanatembea ama wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ama wa parokia. Maneno ya watu yanapungua kama ni kikundi. Pia inasaidia kwa usalama, sababu mama peke yake asubuhi mapema kwenye njia ya porini si jambo la kushauri.

Kwa habari ya barabara: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, wakati wa kiangazi, vumbi la makamyo ni jingi. Mtu anayehema kwa nguvu anavuta vumbi nyingi kupita yule anayetembea pole. Afazali uwanja wa mupira ama njia za ndani, mbele makamyo hayajaanza. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, na misuli baridi inapasuka upesi. Dakika tano za kutembea na kuzungusha mikono mbele ya kazi si mchezo wa watoto.

Maumivu gani ni ya kawaida

Siku moja mpaka tatu kisha zoezi jipya, misuli inauma, kupanda ngazi ni kazi. Hiyo inapita yenyewe. Kiungo kuvimba, maumivu makali ya sehemu moja, ama mgongo unaopiga umeme mpaka mguuni, hiyo si ya kawaida.

Maumivu ya kifua yanayobana ama kushuka mkononi na kupanda kwenye taya, kukosa pumzi hata kisha kupumzika, kizunguzungu ama kuzimia: kuacha pale pale na kwenda lopitali siku ile ile. Vivyo hivyo mkojo ukiwa mweusi sawa chai kali kisha mazoezi makali. Hapo misuli imeharibika na inaweza kuziba figo. Malaria nayo inaweza kufanya mkojo kuwa mweusi, kwa hiyo haifai kukaa nyumbani na kubahatisha.

Chakula na vidonge

Hakuna haja ya unga wa bei kutoka ng'ambo. Maharagi, karanga, dagaa, mayai, vinkubala katika majira yake: vyote vinajenga misuli. Shida ya sahani yetu ni mlima wa bukari na kijiko cha mboga. Kupunguza bukari kwa robo na kuongeza sombe na maharagi ni mageuzi ambayo hakuna mtu nyumbani atakataa, tofauti na kusema "mimi sikule bukari tena". Sukari ya chai na pombe zinahesabika pia. Chupa tatu za bia kila jioni zinarudisha kile futingi iliondoa.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa meza sokoni, hapana. Vingine vina deksametazoni, dawa inayopandisha tansio na sukari. Anayevinywa ili apate "mwili" anaweza kuwa anajitengenezea ugonjwa ule ule uliomupeleka jimu.

Kama malaria inakatiza

Itakatiza. Siku za homa hakuna mazoezi. Mtu amalize dawa, angoje homa iishe na apate nguvu za kula, kisha arudi na nusu ya maji aliyokuwa nayo kwenye bidoni. Kisha wiki mbili ama tatu, mara nyingi anakuwa amefika tena pale alipoachia, sababu misuli iliyokwisha kufanya kazi inarudi upesi kupita mara ya kwanza. Wengi hawajui hilo: wanakaa wiki tatu na malaria, wanaona wamepoteza yote, na hawarudi tena.