Ruvuma Ipi? Historia Fupi ya Kupanga Habari kwa Maana

Mtu wa Chikongola, mjini Mtwara, akisema kwamba anakwenda Ruvuma, msikilizaji hana budi kuuliza: Ruvuma ipi? Yaweza kuwa mto, ambao mlango wake uko mpakani mwa Mkoa wa Mtwara na Msumbiji. Yaweza kuwa Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea. Tena mto huohuo huandikwa Rovuma upande wa Msumbiji. Neno moja lina maana mbili, na kitu kimoja kina maandiko mawili.

Sisi wa istilahi tumeizoea taabu hii. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kazi yake imetufunza kuitambua dhana kwanza, neno baadaye. Historia ya wavuti yafundisha jambo lilo hilo. Mwaka 1989, huko CERN, Uswisi, Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake pamoja na mchoro ambao mishale yake ilitaja uhusiano wa vitu: hiki chaeleza kile, hiki chajumuisha kile. Lakini wavuti ulipoenea, viungo vyake havikutaja maana, na mashine ikabaki kutafuta herufi tu.

Marekebisho yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1999 ulisanifishwa utaratibu wa RDF, ambao husema kila habari kwa sehemu tatu, mfano wa kiima, kitenzi na yambwa. Mwaka 2004 ikafuata OWL, lugha ya kueleza aina za vitu. Na mwaka 2008 SPARQL, lugha ya kuulizia. Kila kitu hupewa anwani yake, hivyo mto na mkoa havichanganyiki. Tukiandika kwamba Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, lavuka Mto Ruvuma, na kwamba Mto Ruvuma humwaga maji katika Bahari ya Hindi, mashine yaweza kuulizwa madaraja yavukayo mito iingiayo bahari hiyo, nayo ikajibu ingawa hakuna aliyeliandika jibu hilo.

Hata hivyo, aina za vitu hupangwa na watu. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Mfumo uliopangwa kwa neno hilo moja hauwezi kuwatenganisha, hata ukitafsiriwa vizuri kiasi gani. Kwa Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si jambo dogo: karani wa mirathi akiuliza mfumo huo, atajibiwa visivyo.

Kwa hiyo haitoshi kungoja mifumo ikamilike ndipo tuitafsiri. Yatupasa tuwepo dhana zinapopangwa. Kwa kuanzia twapendekeza *utatu* kwa habari ya sehemu tatu, na *ulizo* kwa swali liulizwalo mashine. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime maneno haya kazini.