Watoto wa Shamba, Vitabu vya Mitumba

Misheni iliyofika Ngao, ukingoni mwa Mto Tana, mwaka 1887 ilizaliwa katika nyumba ya mayatima. Mchungaji Ludwig Doll aliifungua nyumba hiyo Neukirchen, Ujerumani, mwaka 1878, na miaka michache baadaye wamisionari wakaanza kutumwa kutoka hapo. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alikaa na Wapokomo, akajifunza lugha yao na kuiandikia msamiati. Anayekusanya vitabu vikuukuu kuhusu mtoto, jembe na msalaba atafanya vyema kuanzia Ngao, kabla hajakimbilia Australia.

Huko Australia ndiko rafu nyingi zinakoelekea. Kingsley Fairbridge, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1885 na kukulia Rhodesia, alianzisha chama chake cha kuhamisha watoto huko Oxford mwaka 1909. Mwaka 1912 akafungua shule ya shamba Pinjarra, Australia, ili watoto maskini wa Uingereza wavushwe bahari, wafunzwe kilimo na kuijaza himaya watu weupe. Tawi la Rhodesia lilifunguliwa mwaka 1946, tena kwa watoto Wazungu pekee. Tawasifu ya Fairbridge ilitoka 1927 na haikosekani kwa wauza vitabu vya mitumba. Sauti za watoto wenyewe zilichelewa sana: kitabu cha mfanyakazi wa ustawi wa jamii Margaret Humphreys, kilichofichua jinsi wengi walivyodanganywa kuwa wazazi wao wamekufa, ni cha 1994. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2010.

Lakini pwani yetu ilikwisha kuyaona hayo, kwa sura nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo mwaka 1868, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawapa sala, ufundi na kazi ya shamba. Freretown, kijiji kingine cha walioachwa huru, ikafuata mwaka 1875, karibu na Mombasa. Unguja, Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana alipewa wavulana watano na Sultani mwaka 1864, na kutoka mwanzo huo ikakua shule ya Kiungani, huku Mbweni ikiwa shamba na kijiji cha walioachwa huru. Sitaki kuzilinganisha misheni hizi na shule ya Pinjarra kupita kiasi. Mtoto wa Pinjarra alitolewa kwao na watu waliojiita wafadhili wake. Yule wa Kiungani alikuwa ameshaporwa na wafanyabiashara wa watumwa kabla mmisionari hajamwona. Hata hivyo aliyemwamulia aende wapi, alime nini na aitwe nani alikuwa mtu mzima mwingine.

Ndiyo maana kitabu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kilichotoka London mwaka uleule wa Ngao, 1887, kikiitwa jina la Kiungani. Ndani yake wavulana wa shule za misheni wanasimulia makwao na jinsi walivyotekwa. Arthur Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, ndiye aliyewatafsiri na kuwahariri, kwa hiyo mkono wa mwalimu umo, na msomaji makini ataunusa. Bado wamesema wakiwa vijana, miaka zaidi ya mia moja kabla ya kitabu cha Humphreys.

Kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara jijini Nairobi, usitarajie kukiona. Kwao kumejaa vitabu vya kiada. Nakala za kale hutoka maktaba za wamisionari waliokufa Uingereza, na bei yake hutisha. Nashauri mnunuzi aache tawasifu ya Fairbridge kwanza, aweke akiba ya Kiungani.