Mafuta ya Mtambo na Motakaa za Porini

Leo nataka kuwaelezeni habari za kitu ambacho twakiona kila siku kikidondoka chini ya magari huko Temeke na Kinondoni, wala hatukitazami mara ya pili: nayo ni mafuta ya mtambo, ambayo mafundi huyaita oili. Huenda mtu akasema, "Mimi sina motakaa, habari hizi zanihusu nini?" Basi na asikie kwanza kisa cha mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na Land Rover kuukuu la petroli. Kwa gari hilo alichukua nazi na mihogo kutoka mashamba yaliyo nyuma ya Mbagala hata soko la Temeke, akipita njia za mchanga ambazo gari dogo haliziwezi. Kijijini halikuwako gari jingine. Kwa hiyo mgonjwa akizidiwa usiku, ndilo lililomchukua. Siku moja alinunua mafuta ya mtambo kando ya barabara, katika chupa zisizo na maandishi yoyote. Aliyainua juani, akayaona yang'aa kama asali mpya. Tena bei yake ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Akayatia. Haukupita mwezi, usiku wa mvua za masika, akiwa amemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtambo ukagonga mara tatu, kisha ukakwama kabisa. Wanaume walimbeba yule mama kwa kitanda hata barabara kubwa, mwendo wa saa nzima gizani. Kwa rehema za Mungu alijifungua salama. Lakini mjomba aliuza shamba lake la minazi ili autengeneze mtambo.

Fundi alipoufungua, alituonyesha mhimili mkuu, ule uzungushwao na pistoni. Ulikuwa umelika na kubadilika rangi kwa moto. Akasema, "Mzee, mafuta yako yalikuwa na rangi nzuri, basi. Yalikwisha kutumika zamani, yakachujwa, yakauzwa tena." Nami nikajiuliza: watu walijifunzaje kuyapambanua mafuta yafaayo na yasiyofaa? Nikaanza kusoma habari zake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wazee wetu wa pwani walijua tangu kale kwamba kila mafuta yana kazi yake. Mafuta ya nazi yalikuwa ya kupikia na ya nywele; sifa, yaani mafuta ya papa, yalipakwa mbao za jahazi; na mafuta ya mbarika yalikuwa dawa ya tumbo. Hakuna aliyepika wali kwa sifa. Ulaya nako, mitambo ya kwanza ya mvuke ilipakwa shahamu za wanyama na mafuta ya mimea. Lakini shahamu huharibika upesi kwa joto kali. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta ya ardhini huko Titusville, katika Pennsylvania, Marekani, na baada ya hapo mafuta ya ardhini yakaanza kuchukua mahali pa shahamu. Hata hivyo mbarika, ule mmea uotao wenyewe majaani kwetu, haukutupwa. Mwaka 1909 kampuni ya Charles Wakefield ya Uingereza iliuza mafuta ya mitambo yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika, yakaitwa Castrol, jina litokanalo na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Na katika vita vya 1914 hata 1918, eropleni nyingi ziliruka kwa mafuta ya mbarika.

Mji wetu wa Dar es Salaam nao una sehemu katika historia ya motakaa za porini. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka hapa kwa motakaa iliyotengenezwa mahsusi huko Gaggenau, Ujerumani, ikainuliwa juu sana ili ipite mawe na visiki. Alikusudia kulivuka bara la Afrika hata bahari ya magharibi. Akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya kuharibikiwa na kungoja njiani mara nyingi. Siku zile hapakuwa na kanuni moja ya kumwambia mwenye motakaa uzito wa mafuta aliyouziwa. Kanuni ya kwanza ya namna hiyo iliandikwa mwaka 1911 na chama cha mainjinia wa motakaa cha Marekani, kiitwacho kwa ufupi SAE. Herufi hizo tatu zingali zimeandikwa juu ya makopo hata leo.

Gari lenyewe la porini tulijualo lilikuja baada ya vita vya pili. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya Kimarekani shambani kwake, akaona yafaa kutengeneza gari la namna hiyo kwa wakulima. Land Rover la kwanza lilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nalo lilikuwa la petroli. Mwaka 1957 likaja Land Rover la dizeli, na kwa dizeli yakaja mashaka mapya, kwa kuwa dizeli hutoa masizi mengi. Mafuta yake hayana budi kutiwa dawa ya kuosha, ili masizi yaelee ndani yake yasigande juu ya vyuma. Ndiyo sababu mafuta mazuri ya dizeli huwa meusi upesi: yanafanya kazi yake. Basi tazameni jinsi rangi inavyodanganya! Mjomba aliyasifu mafuta mabovu kwa kuwa yaling'aa, na wengine huyalaumu mafuta mazuri kwa kuwa yamekuwa meusi.

Sasa tuzisome alama za kopo. Tuseme limeandikwa 15W-40. Herufi W yatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake yaonyesha jinsi mafuta yatiririkavyo katika baridi; ikiwa ndogo, mafuta ni mepesi wakati wa kuwasha. Namba ya pili yaonyesha uzito wake mtambo ukiisha kupata moto, nao hupimwa kwa nyuzi 100. Hapa Dar es Salaam hatuna barafu. Kwa hiyo namba ya pili ndiyo ituhusuyo zaidi. Gari livutalo mzigo mchangani, kwa gia ndogo na mwendo wa pole, hupata joto jingi na upepo haba. Mafuta yakiwa mepesi kupita kiasi, hukimbia kama maji, chuma kikasaga chuma. Lakini msidhani kwamba mazito zaidi ndiyo bora siku zote. Mtambo mpya una nafasi nyembamba. Mafuta mazito mno huchelewa kufika juu. Land Rover nyingi za zamani hupenda 20W-50. Land Cruiser nyingi za dizeli hutumia 15W-40. Kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu.

Kisha tazameni herufi mbili za daraja. Kwa kawaida ianzayo na S ni ya petroli, na ianzayo na C ni ya dizeli. Herufi ifuatayo huonyesha umri wa kipimo: CI-4 ni ya mwaka 2002, na CK-4 ni ya mwaka 2016. Mwisho, chunguzeni kifuniko kama hakijafunguliwa, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Tena, gari likizama mtoni wakati wa masika, chomoeni kijiti cha kupimia kabla ya kuliwasha. Mafuta yakifanana na chai ya maziwa, maji yameingia; yamwageni yote.

Mjomba hakujua kusoma Kiingereza, na kitabu cha gari lake kilikuwa sandukuni miaka yote. Baada ya msiba ule, mjukuu wake wa darasa la saba alikifungua, akatafuta ukurasa wa mafuta, akaisoma namba kwa sauti, kisha akaiandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti. Enyi wanafunzi, hata nanyi mwaweza kuwatendea wazee wenu hivyo. Namba ile ingalipo, na gari bado lachukua wagonjwa.