Kinu cha Mlima Amba

Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, Albertville, mji huu wetu ambao leo ni Kalemie. Mwaka huohuo urani ikagunduliwa Shinkolobwe, kusini mwa Katanga. Haikupita kwetu. Wakati wa vita kuu ya pili ilisafirishwa Marekani, na kilichotokea Hiroshima kila mtu anakijua.

Tarehe 6 Juni 1959 Kongo nayo ikawasha kinu chake cha nyuklia, cha kwanza Afrika, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Mlima Amba, Léopoldville. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia pia. Kinu kilikuwa cha aina ya TRIGA, kwa hiyo kikabatizwa TRICO, yaani TRIGA ya Kongo. Kilowati 50 tu, za utafiti na mafunzo; umeme hakikutoa.

Mwezi huohuo, San Diego, Marekani, mwanafizikia mzee Niels Bohr alibonyeza swichi ya TRIGA nyingine mbele ya wageni. Hewa iliyobanwa ikafyatua fimbo za kudhibiti kutoka kinuni, jambo ambalo kwingine lingeitwa ajali. Mshale wa kipimo cha nguvu ukaruka hadi megawati 1,500, ukashuka papo hapo mpaka nusu megawati. Hakuna aliyekizima kinu.

Sisi wa Kalemie tunaujua umeme unaorudi kwa kishindo: taa inang'aa kupita kiasi, na anayewahi kuchomoa friji ndiye mwenye friji kesho. TRIGA hujichomoa yenyewe. Urani yake imechanganywa na zirkoni iliyoshiba hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo inayopunguza mwendo wa neutroni ili ziweze kupasua urani. Fimbo za urani zikipata moto ghafla, hidrojeni hutetemeka na kuzisukuma neutroni badala ya kuzituliza. Neutroni zikienda mbio, mpasuko wa urani hupungua. Breki imo ndani ya kuni zenyewe. Wazo hilo la mwaka 1956, la kina Edward Teller na Freeman Dyson, kwangu linapita mitambo yote ya ulinzi.

TRICO ya kwanza ilizimwa 1970. Ya pili, ya megawati 1, ikawaka Machi 1972, ikasimama 2004. Hesabu ya neutroni haikuwa na kinga dhidi ya wezi: fimbo mbili za urani ziliibwa kituoni hapo miaka ya 1970. Moja ilinaswa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijaonekana.