Daftari la Mwalimu Mkuu

Katika skuli za watoto wa maskini huko Uingereza, kwenye nusu ya kwanza ya utawala wa Malkia Victoria, mwalimu mkuu alikuwa fundi aliyezungukwa na wanagenzi wake. Hati za serikali za mwaka 1846, ambazo ofisa wa elimu James Kay-Shuttleworth alizihangaikia sana, ziliruhusu kijana aliyetimiza miaka 13 kuandikishwa kwa miaka 5, akifundisha wadogo mbele ya macho ya mwalimu wake, na kila siku akisomeshwa naye muda wa saa moja na nusu nje ya saa za skuli. Kwa taklifu hiyo mwalimu akilipwa pauni 5 kwa mwaka kwa mwanagenzi wa kwanza. Mtu wa pwani aliyekalia jamvi la chuoni hatastaajabu, maana huko nako aliyekwisha vuka juzuu kadhaa hukabidhiwa wenziwe wa alifu na be, maalimu akisikiliza kwa mbali na kusahihisha pale pale ulimi unapoteleza.

Mwaka 1862 Robert Lowe, aliyeshika mambo ya elimu serikalini na kuona gharama zimezidi, alileta kanuni mpya: skuli ipewe shilingi 4 kwa kila mtoto kwa hesabu ya wastani wa mahudhurio, na kwa kila mtoto aliyepita miaka 6 na kuhudhuria vya kutosha, shilingi 8 nyingine, zikatwe shilingi 2 na peni 8 kwa kila somo, kusoma, kuandika au hesabu, atakaloshindwa mbele ya mkaguzi. Tangu hapo mwalimu mkuu, akiingia darasa la msaidizi wake, aliingia na sikio la mtunza hazina. Mshairi Matthew Arnold, mkaguzi tangu 1851, aliipinga kanuni hiyo kwa kalamu yake, ilhali Lowe alikuwa mkubwa wake kazini.

Kanuni hiyo hiyo ilimfaradhia mwalimu mkuu kuweka daftari la matukio, lile ambalo kwa mkono wa Waingereza lilifika hata mezani kwa walimu wakuu wetu. Na humo alikatazwa kutia rai zake za jumla. Kwangu mimi hilo lilidhuru kuliko kukatwa fedha, kwani fundi alinyimwa mahali pa kueleza ufundi. Mtindo huo wa malipo kwa matokeo uliondolewa katika miaka ya 1890. Madaftari yamebaki, nayo aghalabu hutaja mvua, surua na watoto waliokwenda kuvuna, kila asiyekuja akiwa ni shilingi zilizo hatarini.