Mipaka ya Maji Endamarariek

Msafiri Oscar Baumann alipita nyanda za Karatu, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1892, akaingiza maziwa ya Eyasi na Manyara kwenye ramani yake. Mwanajiografia Fritz Jaeger akafuata mwaka 1906, akipima milima ya Ngorongoro. Lakini ramani zilizokuja kuwa msingi wa upangaji wa ardhi Karatu ni zile za kipimo cha 1:50,000, zilizotokana na picha zilizopigwa kutoka ndegeni chini ya idara ya upimaji ya makoloni, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946.

Kwenye karatasi hizo kilomita moja ni sentimita 2 tu. Mistari ya kahawia inayoonyesha kimo ikibanana, hapo ni mteremko mkali, na mkulima wa Endamarariek, huko Karatu, anaujua: ndipo maji ya masika yanapochimba korongo na kubeba udongo wa shamba. Mto wa msimu ni mstari wa buluu uliokatika-katika. Hiyo ni elimu kubwa, wala siibezi.

Wairaqw, wenyeji wa nyanda hizi, nao walikuwa na upimaji wao. Eneo lao, aya, mara nyingi lilipakana na mito na migongo ya vilima, na mpaka wake ulithibitishwa kwa tambiko la masay, watu wakiuzunguka kwa miguu na mnyama wa kafara. Walipozidi kuenea kuelekea Karatu katika karne ya 20, ardhi mpya nayo ilihitaji kufanywa aya. Chemchemi na mito ilikuwa makao ya netlangw, roho za kuogopwa. Hakuna aliyeyachezea maji hayo. Ramani ya karatasi huonyesha chemchemi ilipo. Ya Wairaqw ilifundisha pia namna ya kuishi nayo.

Na huko Uingereza kwenyewe, kabla ya vipimo vya kisasa, wanaparokia walizunguka mipaka yao siku za kabla ya sikukuu ya Kupaa, wakiwachukua watoto ili kumbukumbu isife na wazee. Baadhi ya parokia zinafanya hivyo mpaka leo. Basi nani atasema kuzunguka mpaka ni ushamba?

Kwangu mimi, udhaifu wa karatasi ni kwamba haina anayewajibika kwayo kila msimu. Korongo hupanuka, mto huhama, mstari hubaki palepale. Kwa hiyo kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wazee na vijana waizunguke mipaka pamoja na mpimaji kabla bikoni hazijasimikwa, na kila chemchemi iandikwe kwa jina inaloitwa na wenyeji.